Sola kwenye nyumba yenye LUKU

Wenye nyumba wawili wa Dar es Salaam, mmoja Mbweni na mwingine Chanika, wanaweza kununua paneli zilezile kwenye duka moja la Kariakoo, mmoja akarudisha fedha zake na mwingine asizirudishe maisha. Jua linawapiga sawa. Tofauti yao iko kwenye risiti ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla.

Mteja wa majumbani aliye kundi la D1, yaani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, bei yake ni Sh100 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika kama Sh122. Akiwa T1, kundi la wanaotumia zaidi ya hapo, uniti hiyohiyo ni Sh292, na mfukoni inatoka kama Sh356. Sasa chukua paneli moja ya wati 550. Ukitoa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani), ihesabie uniti 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Kwa mtu wa T1 hizo ni zaidi ya Sh21,000 ambazo haziendi LUKU. Kwa mtu wa D1 ni Sh7,300 hivi. Fundi anayekutajia miaka ya kurudisha gharama bila kuuliza uko kundi gani anakupigia hadithi.

Ila wanaoitetea sola wana hoja moja nzito ambayo hata wauzaji huisahau. Mwenye kutumia uniti 110 akiwa T1 analipa kama Sh39,000 kwa mwezi. Paneli moja ikimshusha hadi 60, na TANESCO, shirika la umeme, ikakubali kumrudisha D1, anabaki kulipa kama Sh7,300. Kwa watu wa katikati kama huyu, sola ndogo inaokoa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kikwazo ni kwamba uniti zote hizo huja mchana, na mchana nyumba nyingi za mjini zimebaki na friji, feni na dada wa kazi anayeangalia tamthilia. Kisichotumika kinapotea. Kenya, kwa kanuni zao za mwaka 2024, mwenye nyumba aliyesajiliwa akisukuma ziada kwenye gridi anahesabiwa nusu ya kila uniti aliyotoa, na hiyo humpunguzia bili badala ya kumpa fedha taslimu. Si mbaya, lakini haimtajirishi mtu. Ukitaka kula umeme wako wote, pika na piga pasi saa sita mchana, au nunua betri.

Na betri ndiyo inayomeza bajeti. Ya lithiamu ya uniti 5 inakupa kama 4.5 kwa usiku. Kwa T1 hizo ni Sh1,600. Ukiimaliza kila usiku, mwaka mzima, umeokoa kama Sh580,000, nayo imenunuliwa kwa mamilioni. Itajilipa, lakini polepole, na kwa sharti kwamba kweli unaitumia. Wa D1 asijisumbue: matumizi yake ya siku nzima kwa wastani hayazidi uniti 2.5, hata kuimaliza hawezi. Betri za jeli ni nafuu dukani, ila ya volti 12 yenye Ah 200 ina uniti 2.4 na hutakiwi kutumia zaidi ya nusu yake. Ukiikausha kila usiku, miaka miwili mitatu tu unarudi Kariakoo.

Kwa nini basi watu wenye hesabu zao wanaendelea kununua? Kwa sababu ya giza. Wengine watasema Bwawa la Nyerere limeleta megawati 2,115 na mgao wa mwishoni mwa 2023 umepita. Kweli, umeme upo. Lakini transfoma ya mtaa ikilipuka au nguzo ikianguka na mvua za masika, bwawa halikusaidii. Na hapa wengi hushangaa: inveta inayotegemea gridi pekee huzima TANESCO inapokatika, hata jua likiwa la utosi na paneli kumi juu ya bati. Imeundwa hivyo ili isimrushie umeme fundi aliye juu ya nguzo. Bila betri na inveta ya haibridi, yaani inayoweza kutumia paneli, betri na gridi kwa pamoja, unakaa gizani na jirani asiye na kitu.

Ndiyo maana nadhani mwenye nyumba wa mjini anaanzia mahali pasipo pake. Kama shida ni kukatika, inveta na betri inayochajiwa na TANESCO yenyewe inatosha. Friji, taa, intaneti na feni vinaendelea. Birika, pasi na pampu ya maji viwekwe pembeni, hasa pampu, maana inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Paneli zifuate baadaye, iwapo risiti za LUKU zinaonyesha uko T1 na mwembe hauweki kivuli juu ya bati. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kudhoofisha mstari mzima wa paneli zilizounganishwa pamoja.

Kwa mpangaji hoja hii ina uzito zaidi. Inveta na betri zinapakiwa kwenye kirikuu siku ya kuhama. Fremu zilizotobolewa kwenye bati la mwenye nyumba zina kesi.