Chupa juu ya bati au taa ya UV? Maji ya kunywa nyumbani kwetu

Nyumbani kwetu Jang'ombe, hapa Unguja, wiki ya pili hii tunabishana. Kaka anataka tununue taa ya UV ya kusafishia maji, ile inayofungwa kwenye paipu kabla ya mfereji wa jikoni, mama anasema pesa zote hizo za nini na jua lipo, chupa zipo, unajaza maji unazianika juani. Mie nimesikiliza pande zote nikasoma na mengine, naandika nilipofikia mana najua si sisi peke yetu tunaokunywa maji ya kisima.

Kwanza wote wawili wanasema kitu kimoja. Mionzi ya UV, ile ya urujuanimno, ndio inayoua vijidudu kwenye taa na ndio hio hio inayofanya kazi kwenye chupa ya mama. Ila taa inatoa UVC, aina ya mionzi hio ambayo ni kali sana, UVC ya jua haitufikii huku chini kwa sababu inazuiliwa na hewa ya juu, sisi tunapata zaidi aina nyengine, UVA, na hio ni dhaifu, ndo mana taa inamaliza kwa sekunde chache maji yakipita na chupa inataka masaa 6.

Mama anachukua chupa za plastiki zisizo na rangi, zile unazoona ndani, za lita moja na nusu, anabandua lebo, anaziosha, anajaza maji, anazilaza juu ya bati saa 3 asubuhi mpaka saa 9 mchana. Chupa ya rangi au ilokwaruzika haitaki, na ana haki. Lakini tupo watu 8, kila mtu lita 2 kwa siku, hizo ni chupa 11 kila siku, na siku za mawingu zinatakiwa kukaa siku 2 kwa hio chupa 22. Na masika je? Maji ya kisima yanachafuka, ukisimamisha chupa juu ya gazeti ukachungulia kwa juu maandishi huyaoni, maji hayo mionzi haipenyi. Yani njia hii inakukimbia wakati ule ule kipindupindu kinapotafuta mlango, hili mama hapendi kulisikia lakini lazima nimwambie.

Sasa taa. Umeme ukikatika haifanyi kazi na maji yanapita vile vile kama hakuna kifaa cha kuyafunga, na sisi Unguja tulikaa miezi 3 gizani, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatujasahau. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni chokaa. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, kila mtu anajua birika lake lilivyo ndani. Kwa rafiki yangu nilimuona fundi akichomoa lile bomba la kioo linaloifunika balbu, limeganda ukoko mweupe, ukilikwaruza kwa kucha unatoka unga. Taa ilikuwa inawaka bluu vizuri kabisa, nyumba nzima inakunywa kwa amani, na mionzi haiyafikii maji! Balbu nayo baada ya mwaka hivi inachoka ingawa bado inawaka. Aliyewauzia hakuwaambia hata moja katika hayo.

Na zote mbili zina upungufu mmoja, hazibakishi kinga. Maji yakishatoka ukayatia kwenye ndoo, mtoto akachota na kata aloishika kwa mkono mchafu, umerudi ulipoanza. Klorini, ile dawa ya kutia kwenye maji, inabaki ndani ya maji inaendelea kulinda, harufu yake wengi hatuipendi lakini kazi inafanya.

Kwa skuli au kituo cha afya chenye jenereta na mtu maalumu wa kusafisha kile kioo, taa naiunga mkono kabisa. Kwetu nimemwambia kaka asubiri. Kiangazi tunaendelea na chupa za mama, kila mtu anywe kwenye chupa ile ile bila kuhamishia kwenye ndoo, masika tunachuja kwa kitambaa halafu tunachemsha au tunatia dawa. Mama amekubali. Kaka bado anauliza bei.