Skripti ama mausi: nani anaiangalia dai kabla simulesheni haijaanza?

Huku kwetu Industrial Area tumebishana wiki nzima, zile kazi za jiometri kwenye simulesheni ya kukandamiza bati (kuviringa kona, kuofseti, yaani kusogeza nje, uso wa panchi, chuma kinachosukuma bati, upate dai, chuma chenye shimo la kulipokea) ziandikwe kwa skripti, maagizo ambayo kompyuta inafuata yenyewe, ama kila mtu achore na mausi yake? Mi niko upande wa skripti, lakini wale wengine wana hoja, na hiyo hoja ilishanikula usiku mzima.

Chukua sinki la jikoni, stenlesi ya milimita 1. Mdomo wa dai, pale bati linapogeuka kuingia shimoni, redias, ukubwa wa mviringo wa kona, huwa kama mara 4 hadi 10 ya unene, ikiwa ndogo sana bati linapasuka, ikiwa kubwa sana linafanya mikunjo. So unajaribu 4, 5, 6 mpaka 10, hizo ni modeli 7, weka redias 3 tofauti za panchi ushafika 21, na kila ukigusa panchi lazima dai iofsetiwe upya, tuseme 1.1, unene na nafasi kidogo, alafu meshi tena, yaani kugawanya umbo vipande vidogo vya kuhesabia. Ukifika ya kumi na tano macho yamechoka, umeandika 1.0 na hujui. Skripti haichoki, na mteja akitaka sinki liongezwe kina unabadilisha namba moja tu.

Sasa mzee wetu wa dai, ambaye hupitisha kidole mdomoni mwa dai kabla ya kusema lolote, anasema anayechora kwa mkono analazimika kuona kila kona. Na ni kweli kabisa. Mi nilirekodi hatua zangu, nikageuza kuwa skripti, nikaacha modeli 7 zikirun usiku. Asubuhi bati limekonda karibu sawa kwa zote. Kumbe redias ilikuwa inawekwa kwa ukingo wa nje wa dai, mdomo wenyewe umebaki 4 mara zote saba!

Shida iko hapa: skripti ya kurekodi inaujua ukingo kwa namba yake, na umbo likibadilika namba zinahama. Ndo maana FreeCAD, programu ya kuchora, ilihangaika na hiyo kitu miaka mingi mpaka toleo la 1.0 la 2024 likaipunguza. Abaqus, programu ya simulesheni, nayo inakuruhusu kutafuta ukingo kwa koodineti, lakini ukibadilisha kipimo hata ile pointi inahama, so hujapona. Saa hii mi natafuta kwa sifa, kingo zote zilizo kwenye urefu wa uso wa dai na ziko ndani ya shimo, alafu nahesabu: nne zilizonyooka na nne za kona, zisipokuwa 8 skripti inasimama na kupiga kelele.

Mwanafunzi wa ataachmenti simpi skripti mwezi wa kwanza, achore kwanza, hapo nakubaliana na mzee bila ubishi.

Pia skripti yangu sasa inatoa picha ya kila dai na mzee anaziangalia kabla hatujarun. Juzi alizirudisha zote 21. Kwenye kile kijito cha kutolea maji panchi ina redias ya ndani ya 1, ukiofseti 1.1 uso unajivuka wenyewe, na hesabu yangu ya kingo 8 ilikuwa inaangalia mdomo tu.