Yaro yangu niliiharibu kwa samadi

Wiki iliyopita nilituma picha ya bustani yangu kwenye grupu la WhatsApp la familia. Maua meupe na mekundu, bapa kama visahani, yamesimama wima nyuma ya kibanda. Nilisubiri sifa. Mdogo wangu wa Arusha akawa wa kwanza kujibu: "Dada, hiyo si gugu karoti?"

Nilicheka, kisha nikanuna kidogo. Lakini jicho lake halikukosea sana. Gugu karoti, lile linalowasumbua wakulima na wafugaji wa Arusha, ni wa ukoo mmoja na mmea wangu, ukoo huohuo wa alizeti na pareto. Na majani ya yote mawili yamechanikachanika. Mmea wangu unaitwa yaro. Wajerumani wanauita Schafgarbe, jina lenye kondoo ndani yake, na wataalamu Achillea millefolium. Hilo neno la pili maana yake ni majani elfu. Chuma jani moja ulielekeze kwenye jua: utadhani unyoya wa kifaranga.

Mimi naishi Leipzig, na nimekodi kipande kwenye bustani za jumuiya, zile ambazo Wajerumani wanaziita kwa jina la Schreber kwa sababu jumuiya ya kwanza ya jina hilo ilianzishwa mji huuhuu mwaka 1864. Bustani hizi zina sheria zake. Kipande kisizidi mita za mraba 400, na angalau theluthi moja iwe ya matunda na mboga. Theluthi yangu karibu yote ni sukuma wiki, sitaki kujadiliana. Maua yanapata kinachobaki.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Nimelelewa Tengeru, kwa mama ambaye ng'ombe wake wawili walikuwa kiwanda cha mbolea. Kwetu mmea ukinyong'onyea, jibu ni samadi. Ukinawiri, ongeza samadi usije ukakata tamaa. Mwaka wa kwanza nilinunua mbegu za yaro, ndogo kama ugoro, nikazifukia kina cha kidole kama nafukia maharage. Haikuota hata moja. Kumbe mbegu hizi zinataka mwanga ndipo zichipue: unazinyunyiza juu ya udongo, unazikandamiza kwa kiganja, basi.

Mwaka wa pili nikanunua miche sita. Nikaipa tuta bora kuliko yote, samadi ya kutosha na maji kila jioni. Kufikia Juni ilikuwa imenifika kiunoni, majani kibichi kinachong'aa, nikajiona bwana shamba. Julai ikaja mvua ya radi ya usiku mmoja. Asubuhi nikaikuta yote sita imelala kifudifudi kwenye matope. Nikakata shina moja: laini, limejaa maji, linapindika kama mrija wa karatasi uliokaa kwenye soda. Hatua kumi kutoka hapo, pembeni ya njia ya kokoto, yaro za porini ambazo hakuna aliyezimwagilia hata tone zilikuwa zimesimama. Fupi, za magotini, shina gumu kama ufito.

Mzee jirani yangu, ambaye kwa kawaida akinisemesha ni kuhusu urefu wa ua wangu wa miti, alisimama getini, akatazama yale maanguko, akasema tu, "Umezishibisha mno." Akaenda zake.

Tangu siku hiyo naona ushauri mwingi wa bustani, hasa ule unaotoka kwa watu wanaouza mbolea, unatudanganya. Unatufundisha kwamba kupenda mmea ni kuupa. Yaro ukiipa inaanguka. Inataka jua la kutwa, udongo mkavu usiotuamisha maji, na mwenye bustani asiyekuwa na kiherehere. Majira ya kuchipua yaliyofuata niliing'oa nikaihamishia nyuma ya kibanda, kwenye kifusi cha matofali ambako hata nyanya zilinigomea. Ndiko nilikopigia picha ile. Kazi yake ni chache: kuikata vichwa baada ya maua kukauka, kabla mbegu hazijapukutika, na kila baada ya miaka miwili mitatu kuifukua, kuigawa na kutupa sehemu ya katikati iliyochoka. Hili la kuigawa usilipuuze. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini na haijui mpaka.

Grupu halikuishia hapo. Shangazi akauliza, "Inatibu nini?" Nilijua tu. Sisi ni watu wa mwarobaini, mti hauwezi kuwa mti bure. Wazungu nao wana yao: jina Achillea linatokana na Akile, shujaa wa Wagiriki, ambaye hadithi zinasema aliwatibu askari wake majeraha kwa mmea huu. Huku chai yake inauzwa kwenye maduka ya dawa, kwa tumbo linalosokota na kwa aliyekosa hamu ya kula. Nimeinywa. Ni chungu, na tumbo lilitulia, zaidi ya hapo sitii neno. Mjamzito aiache, na mtu anayevimba au kuwashwa na maua ya jamii ya alizeti aiache pia. Na asiyeijua vizuri asichume porini kabisa, kwa sababu huku kuna mmea mwingine wa maua meupe na majani yaliyochanika, wenye shina lenye mabaka ya zambarau, na huo ndio unaotajwa kuwa ulimuua Socrates, yule mwanafalsafa wa Wagiriki.

Jioni mdogo wangu akarudi na ombi: nimtumie mbegu apande uani kwake, "kwa vile haihitaji maji." Nikakataa. Mbegu haziingizwi nchini kwenye bahasha bila kibali, na hata kama kibali kisingehitajika ningekataa. Yaro ilipelekwa New Zealand kutoka Ulaya na leo wakulima wa kule wanapambana nayo mashambani. Arusha ina gugu karoti tayari, haihitaji binamu yake.

Akanijibu kwa sauti ya sekunde tatu: "Sawa dada, basi ukija tuletee chokoleti."