Sikulewa, Nililowa

Kabla ya lolote: ile voisi ya Chidi ya dakika tatu na nusu inayozunguka kwenye makundi, juu ya bia niliyomwonjesha baba mkwe Jumamosi, ni uongo mtupu. Sawa, nusu yake ni uongo. Zimamoto hawakuja. Baba mkwe hakuzimia. Na mimi sikulewa, nililowa. Tofauti ni herufi moja, na Chidi kaimeza makusudi.

Shangazi yangu kanipigia jana kutoka Morogoro, saa tisa usiku kwa saa za huku, kuuliza kama ni kweli nimemlipua mkwe wangu. Shangazi huyo huyo ambaye nikifiwa hutuma ujumbe. Ndipo nikaona niandike mwenyewe, kidonda kikiwa kibichi, kuliko kuendelea kuumbuliwa kwa sauti ya mtu mwingine.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilivyojifanya bingwa wa bia za Kiingereza tangu nihamie Sheffield. Picha mmeziona: mara nimeinua glasi dirishani, mara nimefumba macho nanusa. Elimu yangu yote niliipata kaunta moja, kwa mhudumu mmoja mwenye ndevu ambaye Kiingereza chake cha Yorkshire, jimbo letu hili la kaskazini mwa Uingereza, nilikuwa nakipata nusu. Ile nusu niliyoipata ndiyo imeniponza.

Nusu yenyewe ni hii. Bia ya pipa ya Waingereza ni kitu hai. Haichujwi wala haipikwi tena ili ikae miezi. Inaingia pipani na hamira yake, inaendelea kuchacha humo humo kwenye stoo iliyo chini ya baa. Hakuna mtungi wa gesi wa kuisukuma. Mhudumu anavuta mkono wa pampu pale kaunta kama anachota maji kisimani, bia inapanda. Gesi iliyomo ni ile kidogo iliyojizalisha yenyewe, kwa hiyo Mbongo akionja mara ya kwanza anasema imekufa. Mimi siku yangu ya kwanza nilirudisha glasi nikaomba barafu. (Hii Chidi haijui. Tafadhalini.)

Sasa ile hamira lazima itue chini, la sivyo unakunywa uji. Ndugu zangu wa Mwanza, mnayajua mabondo? Ule mfuko wa hewa wa samaki? Huku miaka nenda rudi wametengeneza dawa kutokana na mabondo, wanaitia pipani, inazoa hamira na kuzama nayo. Pipa likishalazwa mahali pake haliguswi. Ukilitikisa, kila kilichozama kinarudi juu. Shikeni hapo pa kutikisa, nitaparudia.

Halafu kuna ugomvi wa povu. Huku kaskazini mdomo wa bomba huvishwa kidude cha plastiki chenye matundu madogo. Bia ikipenya pale inachapwa, povu linakuwa zito kama krimu na uchungu unalainika. Mtu wa kusini ukimwekea kidude hicho anaona umemuulia bia. Mtu wa Yorkshire ukikitoa anaona umempunja. Pipa moja, pampu moja, na wazee wazima hawasalimiani. Hawa si watu wa mchezo kwenye jambo hili. Mwaka 1971 Waingereza wanne walikuwa matembezini Ireland, wakaketi baa, wakatoka na chama cha kuitetea bia ya pipa kwa sababu nchi nzima ilikuwa inahamia kwenye bia ya kusukumwa na gesi. Ndiyo CAMRA hiyo, ipo hadi leo. Sisi wanaume wanne tukiketi baa tunatoka na chama cha kuzikana.

Basi baba mkwe akaja kutoka Marangu. Mara yake ya kwanza Uingereza, mara yake ya kwanza kulala kwangu, na kwenye mahari bado nadaiwa madebe ya mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga. Mnaelewa presha. Nikasema huyu mzee nitamfurahisha kwa kitu ambacho hakuna mkwe mwingine amewahi kumfanyia: nitamwonjesha bia moja katika nguo tatu. Kopo, chupa, kipipa. Bia ile ile, kiwanda kile kile, aone ladha inavyobadilika. Nikaenda kwenye kiwanda kidogo hapa jirani nikanunua makopo, chupa nyeupe za kuonyesha ndani, na kipipa cha lita 5 chenye bia hai.

Sasa sikilizeni kosa. Mhudumu wangu wa ndevu aliwahi kuniambia bia ya pipa haitakiwi baridi sana. Mimi nikakumbuka nyumbani, unaagiza bia unaulizwa, "Ya baridi au ya moto?" Na wazee wetu wanachukua ya moto. Nikajumlisha: Waingereza na wazee wetu ni kitu kimoja! Kumbe stoo ya baa huwa nyuzi 11 hadi 13. Kwa aliyezoea friji hiyo ni ya moto. Kwa mtu wa Dar hiyo ni hali ya kuvaa sweta. Mimi kile kipipa nikakiweka kwenye kabati la tangi la maji ya moto, juu ghorofani, pale tunapokaushia soksi. Siku mbili. Mwezi wa nane, ambao huku ndio wa joto.

Chupa nikazipanga dirishani jua lizipige, ili wageni waone ile rangi ya asali. Makopo nikayaacha kwenye friji kwa sababu sikuwa na mpango nayo. Kumbe ndiyo pekee niliyoyatendea haki.

Jumamosi saa kumi jioni, wageni tisa sebuleni. Baba mkwe kwenye kiti kikubwa, koti la kijivu, kofia ya pama kichwani. Nikaanza na makopo. Yalikuwa mazuri tu. Mzee akasema inamchoma pua, nikamwambia ndiyo gesi hiyo Baba, ya kopo hutiwa nyingi. Nikaongeza kwamba Guinness mwaka 1988 walipoingiza ya kopo iliyo kama ya baa, waliweka ndani kidude cha kutoa nitrojeni kopo linapofunguliwa, povu lije laini. Chidi akauliza, "Hii inacho?" Nikasema haina. "Basi endelea."

Nikafungua chupa. Nikamimina taratibu, nikainua mwanga upite, nikatoa hotuba juu ya maua ya hopsi. Nikampa mzee kwa mikono miwili. Akasogeza pua. Akasita. Akaitazama ile glasi, akanitazama mimi, akatazama chini ya kiti chake.

"Mwanangu," akasema kwa upole kabisa, "humu amepita kicheche?"

Watu wakacheka kwa heshima, kile kicheko cha kubana pua. Nikanusa. Wadau, alikuwa amepita. Nimekuja kuelezwa baadaye: mwanga ukipiga bia ndani ya kioo cheupe, unavunja ule uchungu wa hopsi, na kinachozaliwa kina harufu ya ukoo ule ule wa mnyama anayejihami kwa makalio. Chupa ya kahawia inauzuia sehemu kubwa. Miaka yote nimekunywa bia za chupa za kahawia Morogoro sikuwahi kujiuliza ile rangi inafanya kazi gani.

Mtu mwenye akili angerudi kwenye makopo. Mimi nikasema, "Subirini. Mambo yenyewe bado."

Nikapanda juu kuchukua kipipa. Kilikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Pia nikaona mfuniko wake wa juu umetuna kama kitumbua, nikadhani ndivyo kilivyoundwa. Nikakikumbatia, nikashuka, na kwenye kidato cha tatu soksi zikateleza. Mimi nikabaki juu. Kipipa kikaendelea na safari. Du. Du. Du. Hadi chini, kikabingirika, kikasimama mbele ya viatu vya baba mkwe.

Nikakiokota nikakiweka mezani kama kwamba ndivyo kinavyoletwa.

Mzee akakiangalia. Huyu ni mtu aliyezaliwa penye mbege. Anajua ndizi ziive kiasi gani, ulezi uchipue siku ngapi, gome la msesewe litiwe kiasi gani uchungu usizidi. Akaweka kiganja juu ya kipipa kama daktari.

"Mwanangu, hiki kimetikiswa, na kina joto. Kiache kilale mpaka kesho."

Na mimi, mkwe mdaiwa, mbele ya mke wangu na wageni tisa, nikamjibu, "Baba, hii si mbege. Hii ina sayansi."

Mke wangu akafumba macho. Hapo hapo, kabla hata sijagusa kitu.

Juu ya kipipa kuna kizibo chekundu. Maelekezo yanasema ukizungushe kidogo kidogo hadi upepo wote utoke, ndipo uvute bomba la chini. Maelekezo hayo nimeyasoma Jumapili. Jumamosi nilikishika kwa vidole viwili, nikakizungusha nusu. Ikatoka sauti: sssss. Nikainama juu yake, uso kabisa, nikainua kidole kama mwalimu wa kwaya. "Mnasikia?" nikasema. "Bia inapumua."

Ile sssss ikapanda. Ikawa siii. Nikaona kizibo kinatetemeka. Namkumbuka Chidi akiinua simu, na sijui alijuaje. Nikakumbuka kwamba nimevaa shati jeupe. Nikawaza, nizungushe kurudi au niendelee? Nikaendelea.

Pah.

Kizibo kilinipita sikioni, nikasikia kinagonga dari. Kisha ikaja nguzo. Si povu la kumwagika, jamani, ni nguzo, imenyooka, nene kama mkono, ikapiga dari, ikafunguka kama mwavuli, ikaanza kurudi chini juu yetu ikiwa ya uvuguvugu. Ule uvuguvugu ndio siwezi kuusahau. Ya baridi ungeruka. Hii ilikuwa inakukumbatia.

Hadi hapo ningeweza kusamehewa. Lakini mwili wa binadamu ukiona tundu linavuja una akili yake: nikaliziba kwa dole gumba. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira anajua kilichofuata. Nguzo ikageuka upanga. Upanga ukaanza kwa pazia la mama mwenye nyumba, ukapita kwa Chidi (hiyo sijutii), ukapita kwenye picha ya harusi, na mimi kila nilipokaza dole ndivyo ulivyozidi kwenda mbali, nikawa nauona unaelekea kwenye kile kiti kikubwa, taratibu, kama feni ya kuzunguka, na dole langu halitaki kutoka.

Baba mkwe hakuinuka. Bia ilimpiga kifuani, ikapanda, ikaing'oa kofia ya pama. Yeye akanyoosha mkono, akachukua glasi tupu mezani, akaikinga. Kama mtu akingaye maji ya mvua kwenye paa la bati. Ikajaa. Akaitoa kwenye mkondo kwa uangalifu, akaipuliza povu, akanywa.

Sebule nzima kimya. Inasikika bia inavyodondoka kutoka kwenye taa.

Akatafuna kidogo. Akatafuna, bia! Akasema, "Umetuletea machicha."

Alikuwa na haki. Ile hamira yote iliyozama kwa mabondo na subira ya watu, mimi niliirudisha juu ngazi kwa ngazi. Nilionja iliyobaki: maji ya unga wa mkate, na uchungu umejificha nyuma kabisa. Lita 5 ni karibu painti 9. Humo kipipani ilibaki painti moja na nusu.

Yaliyofuata hayana maelezo marefu. Tulipiga deki hadi saa nne usiku. Mama mwenye nyumba kanikata pauni 60 za pazia. Kapeti sasa ina harufu ya baa saa tano asubuhi. Mke wangu anaongea nami kupitia mtoto. Shati nimetupa. Kizibo hakijaonekana.

Jumapili nilimpeleka mzee kwenye ile kaunta, nikaagiza bia ile ile, ya pipa, ikavutwa kwa mkono, kidude cha plastiki mdomoni, povu kama krimu. Akaivuta nusu glasi bila kuongea. Akaniuliza, "Hii ndiyo ile?" Nikasema ndiyo, Baba, ndiyo ile. Akamwita mhudumu wa ndevu, akamwomba ya pili bila kile kidude, aone tofauti. Kiingereza cha Marangu na cha Yorkshire vikaelewana bila mimi. Waliongea saa nzima. Nilisikia "msesewe" mara nne, na mhudumu akiandika kwenye karatasi.

Leo Jumanne. Naandika haya nimesimama, kwa sababu kile kiti bado hakijakauka. Mzee ameshavaa kofia yake, ambayo imesinyaa ukubwa wa kofia ya mtoto, ananisubiri mlangoni. Anasema leo analipa yeye, mradi mimi nisishike chochote.