Kadi Mpya ya Michoro ya Daraja la Kati: Kubadilisha au Kubaki na Iliyopo?

Intel ilitoa kadi ya michoro (kifaa kinachochora picha za gemu kwenye kompyuta) ya Arc B580 mnamo Desemba 2024, GeForce RTX 5060 Ti ya Nvidia ikafuata Aprili 2025, na Radeon RX 9060 XT ya AMD ikatoka Juni mwaka huohuo. Kadi hizi zote za daraja la kati zinamlenga mchezaji wa gemu mwenye kompyuta ya miaka kadhaa anayejiuliza kama wakati wa kubadilisha umefika. Kwa maoni yangu, jibu la swali hilo halipatikani katika jina la kadi wala katika grafu za kasi za mtengenezaji, bali hutegemea kwanza ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, kisha hali ya kompyuta itakayoipokea.

Wanaotetea kubadilisha wana hoja nzito, hasa kwa mtu ambaye bado anatumia kadi kama GTX 1060 ya Nvidia ya mwaka 2016. Kadi hiyo haina vitengo maalumu vya kukokotoa njia za miale ya mwanga, na baadhi ya gemu za sasa, kama vile Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages, zimeundwa kwa kutegemea uwezo huo. Kwa mtu wa namna hii, kupunguza ubora wa picha hakusaidii tena, kwa kuwa kinachokosekana si kasi pekee bali uwezo wenyewe, na sioni sababu ya kumshauri asubiri ikiwa gemu anazozipenda ni hizo.

Hali ni tofauti kabisa kwa mwenye RTX 3060 ya gigabaiti 12, iliyotoka mwaka 2021. Mrithi wake, RTX 4060 ya mwaka 2023, alikuja na gigabaiti 8 tu na njia ya kumbukumbu yenye upana mdogo zaidi, biti 128 badala ya 192, na hadi leo RTX 5060 Ti na RX 9060 XT zinauzwa kwa matoleo mawili, la gigabaiti 8 na la gigabaiti 16, yote yakibeba jina moja. Utaratibu huu wa majina naupinga waziwazi, kwa sababu unamfanya mnunuzi aamini kwamba tofauti ni ndogo, ilhali kumbukumbu ya kadi ikijaa, data hulazimika kupita kwenye PCIe, njia inayounganisha kadi na ubao mama, kwenda na kurudi katika kumbukumbu kuu ya kompyuta, ambayo kwa kadi ni ya polepole mno. Hapo ndipo gemu huanza kukwamakwama au kuonyesha sura za vitu zilizofifia, hata kama wastani wa fremu, yaani picha zinazochorwa, kwa sekunde unaonekana mzuri. Tatizo huongezeka kwenye ubao mama wa zamani wenye PCIe 3.0, toleo la polepole la njia hiyo, kwa kuwa RTX 5060 Ti hutumia mikondo 8 tu ya njia hiyo, wakati RX 9060 XT hutumia 16.

Watetezi wa kadi mpya watajibu kwamba programu zimefidia pengo hilo. Ni kweli kwamba DLSS, teknolojia ya Nvidia ambayo huchora picha kwa pikseli chache kisha kuikuza, imeboreka sana. Lakini muundo wake wa kukuza picha uliotolewa Januari 2025 unafanya kazi kwenye kadi zote za RTX kuanzia mfululizo wa 20, hivyo mwenye kadi ya zamani ameupata bila kununua chochote. Kilichobaki kwa mfululizo wa 50 pekee ni uwezo wa kubuni fremu kadhaa kati ya kila fremu mbili halisi. Fremu hizo hulainisha mwendo wa picha, ila hazisomi amri mpya ya kipanya, na gemu inayoendeshwa kwa fremu 30 halisi itaendelea kuitikia mkono kwa uzito uleule. Grafu inayozihesabu fremu hizi kama kasi halisi haipaswi kuongoza ununuzi.

Kabla ya kulipa, inafaa kupunguza pikseli za gemu hadi kiwango cha chini na kutazama fremu kwa sekunde: zisipopanda, kizuizi kwa kawaida ni prosesa, na kadi mpya itaishia kuisubiri. Arc B580 hasa hupoteza nguvu nyingi ikiwekwa pamoja na prosesa dhaifu, au pale kipengele cha Resizable BAR, kinachoiwezesha prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, kinapokosekana. Skrini ya hezi 60 nayo haionyeshi zaidi ya picha 60 kwa sekunde. Umeme si kikwazo kikubwa katika daraja hili, kwani RTX 5060 Ti imekadiriwa kutumia wati 180.

Kwa hiyo mwenye kadi isiyo na uwezo wa miale anunue, na achague toleo la gigabaiti 16 hata ikimbidi kuweka akiba kwa muda zaidi. Mwenye RTX 3060 ya gigabaiti 12 anayecheza kwa 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) abaki nayo, na kama fedha ipo, aanze na prosesa au skrini.