Tumbo si la kusafishwa

Pale stendi kuu ya Nanenane hapa Dodoma, basi la Singida likiwa bado linajaza abiria, hapakosi mtu wa kupanda na mfuko wa chupa zenye dawa ya rangi ya kahawia. Maelezo ni yaleyale kila siku: inasafisha tumbo, inatoa gesi, inafagia sumu zote mwilini, na wewe mzee kama nguvu zimepungua, zinarudi. Wanunuzi hawakosekani. Asiyenunua kwenye basi atapitia duka la dawa la mtaani kwake aombe flajili za elfu moja kwa sababu tumbo limechafuka. Wote wawili wana imani moja: ndani mna uchafu, na dawa ya uchafu ni kuutoa.

Mimi naona imani hiyo inatuumiza, na ushahidi wangu ni tiba ambayo ukiitaja mezani watu wanasogeza sahani. Ni kupandikiza kinyesi. Choo kikubwa cha mtu mwenye afya kinachukuliwa, kinachanganywa na maji ya chumvi, kinachujwa, kisha kinaingizwa kwenye utumbo wa mgonjwa kwa njia ya haja kubwa, au kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi chini ya tumbo. Siku hizi kuna hata vidonge vya kumeza. Vidonge havinuki, kabla hujauliza.

Ugonjwa ulioipa tiba hii heshima unaletwa na bakteria anayeitwa Clostridioides difficile. Tumwite difisile kwa ufupi. Mtu anaweza kuwa naye tumboni na asiumwe, maana kwenye utumbo mpana wapo bakteria wengine wa aina mamia ambao hawampi nafasi. Nyongo inayotoka kwenye ini ikifika huko, bakteria hao wenyeji hugeuza asidi zake kuwa za aina nyingine, na hizo zilizogeuzwa humzuia difisile kukua. Sasa mgonjwa anapewa antibiotiki kali, pengine kwa ajili ya mapafu au kidonda cha upasuaji. Antibiotiki haichagui. Wenyeji wanakufa kwa wingi, nyongo haigeuzwi tena, na difisile, ambaye alikuwa amejificha kama spora, yaani mbegu ngumu isiyouawa na dawa, anaamka, anazaliana na kumwaga sumu. Mtu anaweza kuharisha hata mara kumi na zaidi kwa siku, anapata homa, na akizidiwa utumbo unavimba na anaweza kufa. Ni kama shamba lililofyekwa lote: kinachotangulia kuota ni gugu.

Matibabu ya kawaida ni antibiotiki nyingine, kama vankomaisini. Wengi hupona. Lakini takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ugonjwa humrudia, na ukimrudia mara ya kwanza, uwezekano wa kumrudia tena unapanda. Kila mzunguko wa dawa unaendelea kufyeka.

Hapo ndipo Waholanzi waliponifurahisha. Januari 2013 watafiti wa Amsterdam walichapisha matokeo yao kwenye jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 16 ambao difisile alikuwa amewarudia walipewa kinyesi cha watu wenye afya kwa mpira wa puani. Kwa mara moja tu, 13 walipona. Wengine 2 walipona baada ya kupewa mara ya pili kutoka kwa mtu mwingine. Kwenye kundi la vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine kinyesi. Sentensi hiyo sikuwahi kufikiri nitaiandika.

Na wala hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Ben Eiseman na wenzake huko Denver, Marekani, waliwatibu hivyo wagonjwa wanne waliokuwa taabani, wakainuka. China, katika karne ya nne, tabibu Ge Hong aliandika juu ya kumnywesha mtu wa kuhara rojo la kinyesi. Nadhani hata wafugaji wetu hawatashtuka sana. Ng'ombe aliyeacha kucheua, madaktari wa mifugo wana utaratibu wa kumnywesha maji yaliyotolewa kwenye tumbo kubwa la ng'ombe mwenye afya, ili bakteria wa kumeng'enya majani warudi. Ndama wa tembo naye hula kinyesi cha mama yake kabla hajaweza kumeng'enya majani. Sisi wenye digrii ndio tunaoziba pua.

Lakini sitaki mtu asome hapa kisha akatafute blenda. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipandikizwa kinyesi cha mtu mmoja ambacho hakikuwa kimepimwa bakteria sugu. Wote wawili walipata maambukizi ya bakteria E. coli asiyesikia dawa nyingi, na mmoja akafariki. Kinachomponya mgonjwa na kinachoweza kumuua vinatoka kwenye chombo kimoja, na jicho haliwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana wanaotoa kinyesi hupimwa UKIMWI, homa ya ini, kaswende, minyoo, amiba, bakteria sugu na mengine, na huulizwa maswali mengi kuliko mchumba anayepelekwa ukweni. OpenBiome, benki ya kinyesi iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012, ilikuwa ikisema kwamba chini ya asilimia 3 ya waliojitokeza ndio waliofaulu. Vidonge vilivyoidhinishwa huko Aprili 2023, Vowst, vina spora za bakteria zilizosafishwa tu, na bei yake ya orodha ilizidi dola 17,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwa kitu ambacho kila binadamu hukitoa bure!

Kuhusu magonjwa mengine nitapita haraka, kwa kuwa ndiyo mlango wa matapeli. Kwa vidonda vya utumbo mpana baadhi ya tafiti zimeonyesha nafuu, nyingine hazikuonyesha. Kwa tumbo linalosumbua miaka bila kuonekana ugonjwa, matokeo yanapingana. Kwa unene, kisukari na msongo wa mawazo, bado ni mambo ya utafiti. Atakayekuja Dodoma na kipeperushi cha kutibu yote hayo kwa kidonge kimoja ni ndugu wa yule wa chupa za kahawia.

Je, tiba hii iletwe hapa? Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo, na imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba utaalamu wa kupitisha mpira puani utatushinda. Naitaka ije, kwa ugonjwa mmoja tu, difisile anayerudi. Shida ni kwamba huyo difisile hatumtafuti. Mgonjwa wa tumbo hapa kwetu akipima choo kikubwa, huangaliwa minyoo na amiba. Asipokutwa navyo, mara nyingi anaondoka na majibu ya taifodi, na kama ni mwanamke anaongezewa UTI, kisha anapewa siprofloksasini. Yaani ambaye pengine ameugua kwa sababu ya antibiotiki anaongezewa antibiotiki. Watafiti wa Mwanza walichapisha mwaka 2015 kwamba difisile yupo miongoni mwa wagonjwa wao wa kuhara, watoto na wakubwa. Sioni kwa nini aishie Ziwa Victoria aogope kuvuka Manyoni.

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo ni la jirani zetu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wakiwemo wa Munguli wilayani Mkalama, ni miongoni mwa watu ambao choo chao kimesomwa sana duniani. Utafiti wa mwaka 2014 ulilinganisha Wahadzabe 27 na Waitaliano 16 wa Bologna, ukakuta Wahadzabe wana bakteria wa aina nyingi zaidi tumboni. Mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa bakteria hao hubadilika kwa majira: kuna wanaopungua sana masika, wakati wa asali na matunda ya porini, na kurudi kiangazi, nyama ikiwa nyingi. Mizizi, ubuyu, asali. Mtafiti mmoja wa Kimarekani hata alijipandikizia mwenyewe kinyesi cha Mhadzabe, akasimulia mwaka 2014. Mimi sina ugomvi na sayansi hiyo. Ninachotaka, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wanapotoa kibali cha sampuli kupelekwa nje ya nchi, mkataba uandikwe kabla chombo hakijafungwa: kikitokea kidonge chenye asili ya Munguli, Munguli wapate nini, na nani atasaini kwa niaba yao. Figo ya mtu hatuwezi kuichukua kwa kumpa fulana. Hiki nacho kimeshapewa bei.

Nasi wa mjini tunaendelea na ugali wa sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe kama chaki, huku ugali wa uwele na mlenda tukiuita chakula cha bibi. Halafu tunanunua dawa ya kusafisha.

Hebu tuseme tumeamua kuanzisha benki ndogo ya kinyesi hapa Dodoma. Masharti ya kawaida yanataka anayetoa awe hajameza antibiotiki kwa miezi mitatu hivi, na asiwe na vimelea wala bakteria sugu. Kijana wa Bahi au Chamwino vijijini huenda akafaulu sharti la kwanza, akaangushwa na minyoo au kichocho. Wa Area C hapa mjini hana minyoo, ila mwezi uliopita alikohoa siku mbili akanunua azuma, nayo ni antibiotiki, bila cheti cha daktari. Ndiyo maana ukiniuliza pesa ya kwanza iwekwe wapi, nitasema kwenye maabara ya hospitali, iweze kumpima difisile na kuotesha bakteria sugu kwa bei ambayo mgonjwa wa kawaida anaiweza, na kwenye ukaguzi wa maduka ya dawa. Friji ya nyuzi hasi 80 ya kuhifadhia kinyesi inaweza kusubiri.