Mpe Barafu Huyo!

Nilikuwa sijamaliza hata mwezi Valencia, Hispania, bibi mwenye nyumba aliponituma sokoni nikanunue samaki. Mimi mtoto wa Tanga, nikaona kazi ndogo hiyo. Neno samaki nilishalikariri kwenye simu: pez.

Soko Kuu lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1928, lina kuba refu ambalo kila mgeni hulitazama mpaka agongane na kikapu cha mtu. Nikagongana, nikaomba radhi, nikafika penye samaki. Dorada, ambao wamefanana kidogo na changu wetu, wamelazwa juu ya barafu.

"Quiero un pez grande," yaani nataka samaki mkubwa, nikasema, kwa sauti ya mtu aliyelipa ada.

Mama muuza samaki akaacha kisu hewani. Akatazama meza yake, akanitazama mimi. "Hijo," yaani mwanangu, "pez wako baharini. Hapa wote marehemu."

Kumbe pez ni samaki akiwa bado anaogelea. Akishavuliwa aliwe, anabadilishwa jina anaitwa pescado, na neno lenyewe maana yake ni aliyevuliwa. Sisi samaki ni samaki tu, awe yuko Pemba anazurura au yumo kwenye kikaango. Mimi nilikuwa nimeagiza dorada mzima anayepumua, nikamfuge kwa bibi.

Foleni ikaanza kucheka. Jasho likanitoka; Julai ya Valencia nayo haina huruma. Nikaona nisingizie joto. Nikajipepea na karatasi ya bibi, nikatamka: "Perdón, señora. Estoy muy caliente."

Kimya. Mzee mmoja mwenye kigari cha mboga akamsogeza mkewe pembeni.

Hesabu zangu zilikuwa hivi: calor ni joto, caliente ni ya moto, kahawa caliente, supu caliente, basi na mimi caliente. Ndugu zangu, supu ikiwa caliente hakuna neno. Mtu akiwa caliente amepandwa na ashki. Na muy ni "sana", nilikuwa nimeiweka mwenyewe bila kulazimishwa. Wenyewe husema tengo calor, nina joto. Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kingenifikisha salama, maana tengo hambre ni nina njaa, tengo sed ni nina kiu. Mimi nikajifanya msomi, nikapitia Kiingereza: I am hot.

Mama yule akachota konzi ya barafu chini ya dorada, magamba na vyote, akaninyooshea. "Shika, hijo. Weka panapowaka."

Habari ilinitangulia nyumbani. Wiki nzima, kila nikipita jikoni, bibi aliniuliza kama nahitaji barafu.

Jumapili akapika paella, pishi lao la wali. Nikamuuliza, ile mimea ya kijani tuliyoiona mashambani kule Albufera inaitwaje? Arroz. Na zile punje za kwenye mfuko? Arroz. Na hiki kilichoiva? Arroz, hijo, kwani huoni?

Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia kwetu shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali. Ninyi mmehangaika kumpa samaki jina la pili akishakufa, halafu mpunga, mchele na wali mmewalaza kitanda kimoja!

Bibi akanyamaza, midomo ikijaribu yale maneno taratibu. Kisha akatoka kibarazani, akamwita jirani wa chini aje haraka: leo amepika mpunga.